Nani Ametenda? Kitenzi, Nafsi na Fadhaa katika Michezo ya Video

Ikisiri

Makala haya yanahakiki michezo mitano ya video inayojulikana kwa kumwachia mchezaji fadhaa au simanzi isiyokwisha anapozima mashine. Hoja inayojengwa ni kwamba fadhaa hiyo haitokani hasa na picha wala na kisa, bali na kitenzi: nani anafanywa mtenda, anamtendea nani, na kwa hiari kiasi gani. Kauli za mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili zinatumiwa kama nyenzo ya uhakiki. Aidha, makala yanaonyesha jinsi tafsiri ya Kiswahili inavyoweza kuihifadhi fadhaa hiyo au kuipoteza kwa uchaguzi wa ngeli moja tu, na yanahoji vigezo ambavyo kwavyo michezo ya aina hii hupangwa katika madaraja.

1.0 Utangulizi

Mtoto anayeshindwa kwenye kibanda cha michezo ya video mjini Bujumbura, Mombasa au Mwanza hasemi kwamba mhusika wake amekufa. Husema, “Nimekufa.” Mwenzake aliyeketi kando yake hudai, “Nimekuua.” Msomaji wa riwaya hasemi hivyo. Hata akidondokwa na machozi juu ya kifo cha mhusika anayempenda, atasema “alikufa”, na hakuna atakayemshangaa kwa kuwa kifo hicho si chake. Tofauti ya kiambishi cha nafsi, ni- badala ya a-, ni ndogo mno kwa macho, lakini ndiyo inayoutenga mchezo wa video na tanzu nyingine za masimulizi ambazo uhakiki wa Kiswahili umezizoea.

Uhakiki huo umetuzoesha kuuliza nani anasimulia, nani anatazama na nani anasemwa. Katika mchezo wa video maswali hayo hubaki, ila hutanguliwa na jingine: nani ametenda? Si kwamba jadi ya Kiswahili haijui sanaa inayoitaka hadhira itende. Anayetega kitendawili hangoji kusikilizwa tu. Anadai jibu, na aliyeshindwa hutozwa mji. Lakini mji wa kitendawili ni wa maneno, na kulipokucha hakuna anayeukumbuka. Michezo inayojadiliwa hapa humtoza mchezaji kitu ambacho hukirudia kichwani siku nyingi baadaye, na aghalabu hukirudia kwa namna ya kitenzi: “nilimpitisha”, “nilimwibia”, “nilimwacha”.

Kiswahili kinalo pia neno linalofaa kuanzia. Mchezo ni wa mpira, ni wa bao, na ni wa kuigiza. Mtaala wa shule haujawahi kuona ajabu mchezo wa kuigiza kuzungumzia mauaji. Kwingineko jambo hili limezua mabishano. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilikataa kwanza kuuweka mchezo wa Mpalestina Rasheed Abueideh, Liyla and the Shadows of War, unaohusu familia inayokimbia mashambulizi ya Gaza, katika kundi la michezo, kisha ikabadili uamuzi wake. Katika Kiswahili ubishi huo ungekosa pa kusimama, kwa sababu neno mchezo halijawahi kuahidi kwamba kitakachofuata ni furaha.

2.0 Kauli kama nyenzo ya uhakiki

Sarufi ya Kiswahili hufundisha kwamba kutokana na mzizi mmoja huzaliwa kauli kadhaa: kutenda, kutendwa, kutendea, kutendana, kutendeka, kutendesha. Darasani orodha hiyo huishia kwenye zoezi la kujaza mapengo. Hata hivyo, ni nyenzo bora ya kuuliza juu ya wajibu, kwa sababu kila kauli hugawa lawama kwa namna yake.

Mbili zinahitaji kuangaliwa kwa karibu. Ya kwanza ni kauli ya kutendea. Kumpikia mgeni ni kumfaa. Kumfungia mgeni mlango ni kumdhuru. Kumlia mtu chakula chake ni kumdhuru vilevile. Umbo ni moja, na sarufi yenyewe haisemi ni lipi lililokusudiwa kati ya manufaa na madhara. Ya pili si kauli moja bali ni mbili zilizopandana: kutendeshwa, yaani kufanywa utende. Aliyeendeshwa, aliyelipishwa na aliyeapishwa wote wametenda jambo, ila chanzo cha tendo kiko nje yao. Mahakama na mahubiri yote mawili hubishana mahali hapo.

3.0 Papers, Please: muhuri na anayegongewa

Mchezo huu ulitungwa karibu wote na mtu mmoja, Lucas Pope, Mmarekani aliyehamia Japani, na ulitolewa mwaka 2013. Mchezaji hupewa kazi ya ukaguzi katika kituo cha mpakani cha Grestin, katika nchi ya kubuni ya Arstotzka, mwishoni mwa mwaka 1982. Kazi yenyewe ameipata kwa bahati nasibu ya serikali. Picha ni za kizamani, nyuso za wasafiri zimechorwa kwa vipande vikubwa vya rangi iliyofifia, na sauti zao ni mikwaruzo isiyoeleweka. Kwa macho, karibu hakuna cha kutisha. Kuna meza, kitabu cha kanuni, saa, na mihuri miwili: wa kijani na mwekundu.

Kila msafiri aliyeshughulikiwa bila kosa humwingizia mkaguzi fedha kidogo. Makosa mawili ya kwanza ya siku huonywa tu. La tatu na yanayofuata hukatwa kwenye mshahara. Jioni huletwa hesabu: kodi ya nyumba, chakula, kuni za kupasha joto, dawa. Nyumbani kuna mke, mwana, mama mkwe na mjomba, na fedha hazitoshi. Asubuhi kanuni huwa zimeongezeka: leo pasi tu, kesho kibali cha kuingia, kisha kibali cha kazi, kisha cheti cha chanjo. Msomaji aliyewahi kupanga foleni Rusumo, Mutukula au Gatuna, akipapasa mfukoni kuhakikisha kwamba kadi ya homa ya manjano bado ipo, hahitaji ufafanuzi zaidi.

Tukio linalokumbukwa sana ni la mume na mke. Mume anafika dirishani, hati zake ni kamili, anagongewa muhuri wa kijani. Kabla ya kuondoka anamwomba mkaguzi amhurumie mkewe anayemfuata. Mke hana kibali. Anasema akirudi kwao atauawa. Mchezo haupigi muziki wa huzuni wala hausogezi kamera karibu na uso wake. Foleni inaendelea kungoja, saa inakwenda, na mihuri yote miwili iko mezani.

Inafaa kutua hapa, kwa sababu ufundi wa mchezo umo katika hesabu na haumo katika maneno ya mke. Iwapo mchezaji hajatumia maonyo yake mawili siku hiyo, kumpitisha mke hakutamgharimu senti. Iwapo ameyatumia, kwa kusoma vibaya tarehe ya mtu wa kwanza na jina la mji la mtu wa nne, basi rehema hiyo itatozwa, na huenda ikawa ndiyo fedha ya dawa ya mwanawe. Huruma ina bei, na bei hiyo hupangwa na uzembe wa asubuhi. Hakuna riwaya inayoweza kumfanyia msomaji jambo hili, kwa kuwa msomaji hana asubuhi yake mwenyewe ndani ya kitabu.

Kinachotisha zaidi huja baadaye, na hakina tukio maalumu. Baada ya siku kadhaa za mchezo, mchezaji hujikuta akifurahi anapokuta pasi iliyokwisha muda. Kosa la msafiri limekuwa unafuu wake: muhuri mwekundu, haraka, mwingine aje. Ndipo kauli ya kutendea inapoonyesha nyuso zake zote mbili kwa wakati mmoja. Mkaguzi anaitafutia familia riziki kwa kuwafungia wengine mlango. Hawezi kudai kwamba ametendeshwa, kwa sababu muhuri wa kijani ulikuwapo siku zote. Wala hawezi kuhukumiwa kama mtu aliyetenda kwa kupenda. Anabaki hapo katikati, na ndipo fadhaa inapokaa.

Mchezo huu umetafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na katika Kijapani. Mfasiri wa Kiswahili atakayeushika atakumbana na tatizo ambalo Kiingereza hakina. Muhuri mwekundu wa asili hubeba neno moja tu, kitenzi kilichokwisha kutendwa, kisicho na mtenda wala anayetendwa. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Kitenzi chetu lazima kioane na kitu. IMEKATALIWA: kilichokataliwa ni viza. YAMEKATALIWA: ni maombi. AMEKATALIWA: ni mtu, mwenye uso na jina, aliyesimama upande wa pili wa kioo. Herufi ya kwanza ya neno moja huamua kama mchezaji amekataa karatasi au amemkataa binadamu. Na iwapo mfasiri atathubutu kuandika NIMEMKATALIA, mchezo utakuwa umekufa papo hapo, kwa sababu utakuwa umemtangazia mchezaji jambo ambalo alipaswa kuligundua mwenyewe.

Jibu lenye nguvu zaidi ni kuuacha muhuri katika ngeli ya karatasi, IMEKATALIWA, na kumpa msafiri anayefukuzwa kitenzi chenye nafsi zote mbili: “Umenikatalia.” Ofisi iseme lugha yake, mtu aseme yake. Mchezo mzima uko katika pengo baina ya i- na u-ni-, na pengo hilo Kiswahili kinaweza kulionyesha wazi kuliko lugha ya asili ya mchezo. Wala mfasiri hatahitaji kubuni mtindo wa kiofisi. Ofisi za ukanda huu zina uzoefu wa miaka mingi wa kuficha mtenda: imeamuliwa, imeonekana, mnatangaziwa. Mwananchi aliyewahi kusoma barua ya namna hiyo anajua kwamba sarufi nayo ina dirisha dogo lenye kioo.

Hatari iliyopo ni ya kawaida. Kazi za kutafsiri programu na michezo hufanywa kwa orodha za maneno yaliyokatwa kutoka muktadha wake. Mfasiri huona neno moja kwenye safu, hajui litaonekana wapi wala nani atalisoma. Katika hali hiyo atachagua ngeli kwa kubahatisha. Kosa hilo halitaonekana katika ukaguzi wowote wa ubora, kwa sababu imekataliwa na amekataliwa zote ni Kiswahili sanifu.

4.0 Spec Ops: The Line: kutendeshwa, kisha kushtakiwa

Mchezo huu wa mwaka 2012, uliotengenezwa na studio ya Yager ya Berlin, husifiwa mara nyingi kuliko wowote mwingine kwa kumgeuzia mchezaji kioo. Ukoo wake unaanzia kwetu. Umejengwa kwa kuegemea Heart of Darkness ya Joseph Conrad, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1899 na kukitwa kwenye Mto Kongo. Watungaji waliuhamishia mto huo Dubai, jiji lililofukiwa na dhoruba za mchanga. Aliyepotelea ndani wakampa jina la Konrad. Na anayemfuata ni Kapteni Walker, mwanajeshi wa Marekani anayeongozwa na mchezaji.

Kiini chake ni tukio la fosforasi nyeupe. Walker na wenzake wanakuta kambi yenye askari wengi. Kuna mzinga. Mchezaji anatazama kupitia skrini ndogo inayoonyesha shabaha kama alama nyeupe, na juu ya kioo cha skrini hiyo unaonekana uso wa Walker mwenyewe. Anabonyeza, alama zinazimika. Kundi moja kubwa la alama liko mwisho wa kambi. Analo pia anaweza kulipiga. Kisha analazimika kutembea katikati ya walioungua na kukuta kwamba kundi lile lilikuwa la raia waliohifadhiwa hapo. Mama aliyeungua bado ameyafunika macho ya mtoto wake.

Mchezaji anayejaribu kuukwepa mzinga na kupigana kwa bunduki hugundua kwamba maadui hawaishi. Wapya huja daima mpaka achoke au afe. Njia ni moja. Hapo mchezo uko katika kauli ya kutendeshwa, bila shaka yoyote. Lakini kuanzia hapo, maandishi yanayoonekana wakati sehemu mpya inapopakiwa huanza kumsemesha mchezaji kwa nafsi ya pili, yakimuuliza kwa kejeli kama bado anajiona shujaa. Kwa maneno mengine, mchezo unamwendesha mchezaji kwa kauli ya kutendeshwa, kisha unamsomea mashtaka kwa kauli ya kutenda.

Wanaoutetea wana hoja ya kusikilizwa. Askari naye huendeshwa, na kisingizio chake cha kale ni kwamba hakuwa na njia nyingine. Mchezo unamvalisha mchezaji kisingizio hichohicho ili auonje uchungu wake. Aidha, husemwa kwamba njia nyingine ilikuwapo: kuzima mashine. Hoja ya kwanza ina uzito, na uso unaoakisiwa kwenye kioo unaipa nguvu. Ya pili ni dhaifu. Kila kitabu kinaweza kufungwa, na hakuna msomaji aliyewahi kulaumiwa kwa mauaji ya ukurasa wa mia kwa kuwa alifungua ukurasa wa mia. Tofauti na mkaguzi wa Arstotzka, mchezaji wa Spec Ops hakuacha chochote mezani. Hakukuwa na muhuri wa pili.

Kuna upungufu mwingine ambao wasifu wa Ulaya na Marekani huupita haraka, na ambao mhakiki wa ukanda huu hana budi kusimama nao. Katika mhadhara wake wa mwaka 1975, Chinua Achebe alimlaumu Conrad kwa kuifanya Afrika pazia la nyuma, mahali ambapo akili ya Mzungu mmoja huvunjikia, huku wenyeji wakinyimwa hata lugha. Mchezo ulipokihamisha kisa Ghuba ulihama na dosari hiyo pia. Waliofukiwa, waliokosa maji na waliochomwa wapo ili Walker ashtuke. Mama yule aliyeungua ni picha. Hana jina, hana neno, na kwa istilahi ya makala haya, hana kitenzi hata kimoja. Dubai ya vijana wa Kenya na Uganda waliokwenda kulinda milango na kulea watoto wa watu haimo kabisa. Mchezaji anafadhaika, ndiyo, ila anafadhaika juu ya nafsi yake. Ni fadhaa inayomrudia aliyeitoa bila kupita kwa aliyetendwa, na kwa kipimo hicho Papers, Please, ambao haumwagi damu nyingi, umekwenda mbali zaidi.

5.0 Wizi, kilio na kidole

This War of Mine, wa studio ya 11 bit ya Warsaw, ulitolewa mwaka 2014, na watungaji wake walichota mengi kutoka kuzingirwa kwa Sarajevo kati ya 1992 na 1996. Hakuna askari wa kuongoza. Mchezaji anawatunza raia wachache ndani ya nyumba iliyobomoka: mpishi, mwandishi wa habari, mwanasoka. Mchana hawawezi kutoka kwa hofu ya wadunguaji. Usiku mmoja hutoka kutafuta chochote. Mojawapo ya nyumba zinazofikika ina mzee na mkewe mgonjwa, jokofu lenye chakula, na kabati lenye dawa. Hawana silaha. Mzee humfuata mwizi chumba hadi chumba akimsihi.

Kitenzi hapa ni kumwibia, na mchezo haumwadhibu mchezaji kwa pointi. Unamwadhibu kwa wenzake. Aliyeiba anarudi nyumbani, asubuhi anakaa sakafuni, hataki kula, hataki kufanya kazi. Wengine wanazungumza juu ya kilichofanyika, na wapo wanaokubali kwamba haikuwezekana vinginevyo. Mchezaji akirudi kwa wazee baada ya siku kadhaa huweza kuwakuta wamekufa. Hapa tendo lina watu wanaolijadili, na kwa hiyo halibaki siri kati ya kidole na skrini.

That Dragon, Cancer (2016) huenda upande wa pili kabisa. Wazazi wawili Wamarekani, Ryan na Amy Green, waliutunga juu ya mtoto wao Joel, aliyeugua saratani akiwa na umri wa mwaka mmoja na kufariki mwaka 2014 akiwa na miaka mitano. Katika sehemu moja baba yumo chumbani hospitalini na mtoto analia kwa kiu asiyoweza kunyweshwa ikatulia. Mchezaji anabonyeza hiki na kile: maji, kumbeba, kuketi. Kila kitenzi kinapatikana na hakuna kinachofaa kitu. Kiswahili husema halitendeki. Kauli ya kutendeka, ambayo kwa kawaida huficha mtenda, hapa inamfichua: yupo, ana mikono, anapenda, na haiwezekani. Imani ya Kikristo ya wazazi hao imo ndani ya mchezo bila kufichwa na bila kulazimishwa, jambo ambalo wahakiki wengi wa kilimwengu hawakujua walifanye nini nalo, ingawa wauguzaji wa wodi zetu wasingeliona geni.

Yafaa mfasiri akumbushwe pia kwamba kitenzi cha mchezo si lazima kiwe neno. Brothers: A Tale of Two Sons (2013), ulioongozwa na Josef Fares, Msweden aliyezaliwa Lebanon, hauna neno linaloeleweka, ndugu wawili huzungumza lugha ya kubuni. Mkono wa kushoto wa mchezaji humwongoza kaka, wa kulia mdogo mtu. Kaka hufa. Baadaye mdogo mtu, aliyekuwa akiogopa maji tangu mama yao alipozama, hufika kwenye mafuriko na hawezi kuvuka. Hakuna kinachosaidia mpaka mchezaji akibonyeze kitufe cha kaka, kile cha mkono uliokwisha kunyamaza. Watu wazima wameeleza kulia hapo. Hakuna hata silabi moja ya kutafsiri.

6.0 Kinachopimwa na kisichopimwa

Mifumo mikubwa ya kupanga michezo katika madaraja ya umri, ESRB ya Marekani iliyoanza mwaka 1994 na PEGI ya Ulaya iliyoanza mwaka 2003, hutazama mambo kama ukatili, lugha chafu, ngono, dawa za kulevya na kamari. Ni mambo halali kutazamwa, hasa kwa ajili ya watoto. Lakini yote ni majina: kuna damu au hakuna, kuna tusi au hakuna. Kwa kipimo hicho mchezo unaomfundisha kijana kufurahia hati mbovu ya mkimbizi huonekana mpole kuliko ule unaorusha damu ya katuni ukutani. Washauri wa sera wa nchi zetu, ambao mara nyingi hukabidhiwa mifumo hiyo ikiwa imekamilika, wanaweza kuiongezea swali ambalo halihitaji bajeti: mchezo huu unamtaka mchezaji atende nini, amtendee nani, na je, kulikuwa na muhuri wa pili? Swali hilo halikusudiwi kupiga marufuku. Linaweza kuonyesha pia kwamba mchezo fulani wenye alama nyekundu unafaa kusomwa na watu wazima darasani.

Polandi imekwisha kujaribu. Mwaka 2020 serikali yake ilitangaza kuuingiza This War of Mine katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa shule za sekondari, kwa wanafunzi waliotimiza miaka 18, katika masomo kama historia, maadili, falsafa na sosholojia. Haukuwa wa lazima. Uamuzi huo una upande wa biashara ya taifa, kwani mchezo ni wa Warsaw, na haupaswi kusifiwa bila tahadhari. Hata hivyo, unazua swali la kitaaluma ambalo idara za Kiswahili zina uwezo wa kulijibu kuliko idara za teknolojia: mtihani wake ungekuwaje? Watahiniwa wawili hawajacheza kisa kimoja. Mmoja ameiba, mwingine ameacha mtu wake afe njaa. Mwalimu anayeuliza “mwandishi anasema nini?” atapata majibu matupu. Anayemwambia mtahiniwa aeleze alichokitenda kwa nafsi ya kwanza, kisha akieleze upya kwa kauli ya kutendwa, na mwisho aseme ni kipi kilichopotea kati ya maelezo hayo mawili, atakuwa amefundisha sarufi na maadili kwa swali moja.

Ukanda wenyewe nao una mtungaji wa kusomwa. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya kusini mwa Sudani, akalelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu kumnunulia kompyuta, naye akajifunza kuunda michezo akiwa kambini. Mchezo wake uitwao Salaam, jina ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa, unafuata umbo la michezo ya mbio inayochezwa na mamilioni kwenye simu, ile ambayo mhusika hukimbia bila kusimama akiokota sarafu. Katika Salaam anayekimbia ni mkimbizi, na anachotafuta ni maji, chakula na dawa. Kiingereza hutenga maneno mawili kwa mbio hizo mbili. Kiswahili kina moja, kukimbia, na ni kiambishi cha baadaye tu kitakachosema kama amekimbia, amekimbilia au amekimbizwa.